Bibi Titi, Mbunge wa Rufiji

Soma wasifu mfupi wowote wa Bibi Titi Mohamed, uwe wa gazetini au wa kwenye hotuba ya mgeni rasmi Siku ya Wanawake, na utakutana na sentensi moja ambayo haibadiliki sana: mwaka 1965 alishindwa uchaguzi akapoteza kiti chake cha ubunge. Kisha nukta. Sentensi inayofuata tayari iko 1967, Azimio la Arusha limeshatangazwa, au imeruka moja kwa moja hadi 1969, ameshakamatwa. Nimesoma wasifu wa namna hii mara nyingi mno, na kila mara nukta hiyo hunikwaza. Tunajua alivyoimba. Tunajua alivyosimama mbele ya kipaza sauti karibu na Nyerere. Lakini alikuwa pia mbunge, na watu wa jimbo lake walipewa karatasi wakaulizwa kama wanamtaka aendelee, wakasema hapana. Haiwezekani jibu la wilaya nzima likawa jambo dogo kiasi hicho.

Makala haya yanahusu sentensi hiyo. Sina nia ya kumpunguzia Bibi Titi sifa. Nia yangu ni kuuliza tunapoteza nini tunapomwandika kama mwimbaji, kisha shujaa, kisha mfungwa, bila kumwandika kama mwanasiasa aliyechaguliwa na kukataliwa na watu wenye majina na mashamba.

Nianze na neno lenyewe, Bibi. Wengi wa kizazi changu wanalisikia neno hilo na kumwona kikongwe mwenye khanga begani. Siku zile Bibi lilikuwa neno la heshima kwa mwanamke yeyote mtu mzima. Titi binti Mohamed alizaliwa Dar es Salaam Juni 1926. Alipoingia TANU mwaka 1954, akiwa na kadi namba 16, alikuwa na miaka 28. Aliposhindwa Rufiji alikuwa na miaka 39. Leo hii mtu wa umri huo akigombea huitwa kijana, na mabango yake huandikwa hivyo.

Sehemu ya kwanza ya maisha yake inasimuliwa vizuri, kwa hiyo nitaipita haraka. Alisoma shule miaka minne. Alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma cha wanawake wa mjini. Mwaka 1955 John Hatch, mgeni kutoka Chama cha Labour cha Uingereza, aliwauliza viongozi wa TANU habari za tawi la wanawake, na ni baada ya swali hilo ndipo Bibi Titi aliwekwa mbele kuliongoza. (Huwa nacheka nikifika hapa. Chama cha kumkomboa Mwafrika kilikumbushwa nusu ya Waafrika na Mwingereza.) Alichofanya yeye ni kwenda kwenye vikundi vya ngoma, kwa viongozi wake, akazungumza na wanawake ambao tayari walikuwa wamejipanga, wana mweka hazina, wana sare, wana deni na kulipana. Kufikia Oktoba mwaka huohuo wanawake wapatao 5,000 walikuwa wameshajiandikisha.

Aliyetupa simulizi hii kwa ukamilifu ni Susan Geiger, mwanahistoria Mmarekani, katika kitabu chake kuhusu wanawake wa TANU kilichotoka mwaka 1997. Alizungumza na Bibi Titi mwaka 1984, kwa Kiswahili, na maneno hayo yakatufikia kwa Kiingereza. Hilo peke yake lingetosha kwa makala nyingine: mwanamke ambaye silaha yake yote ilikuwa Kiswahili, msomaji wa Kiswahili anakutana naye akiwa amevuka bahari mara mbili. Hata hivyo kitabu ni kizuri, na hoja yake bado ina nguvu. Geiger anakataa wazo kwamba wanawake hawa walifundishwa utaifa na wanaume waliosoma. Anaonyesha kwamba utaifa wao waliutoa kwenye maisha yao wenyewe, kwenye vikundi vilivyokuwa vimechanganya makabila zamani kabla chama hakijalifanya hilo kuwa sera. Nani alikuwa anafundishwa na nani? Swali hilo ndilo zawadi ya kitabu.

Lakini tazama miaka iliyoandikwa kwenye jina la kitabu: 1955 hadi 1965. Kinafunga mlango mwaka uleule ambao Rufiji walimkataa. Geiger hakuficha kushindwa huko. Ila kwa usomaji wangu, joto la kitabu liko kwenye viwanja na nyumba ambako wanawake walihamasishana, na linapungua tunapofika kwenye kura. Mohamed Said naye, katika kitabu chake juu ya maisha na nyakati za Abdulwahid Sykes, anamrudisha Bibi Titi kati ya Waislamu wa Dar es Salaam waliojenga chama kisha wakasahauliwa, na anafanya kazi ambayo wengi waliogopa kuifanya. Huko tunamwona zaidi kupitia mgogoro wa jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyopigwa marufuku mwaka 1968. Kila mwandishi ana Bibi Titi wake, na wote wana haki. Wapiga kura wa Rufiji ndio hawana mwandishi.

Basi turudi kwenye karatasi waliyopewa.

Ili kuielewa karatasi ya 1965 ni lazima kwanza tukumbuke zilizotangulia. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, ule wa kura tatu, mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na ili uandikishwe ulihitaji elimu ya shule, au kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambulika. Mama muuza maandazi wa Kariakoo aliyenunua kadi ya TANU kwa senti zake hakuwa na nafasi hapo. Agosti 1960 kukawa na uchaguzi mwingine, viti 71. TANU ilichukua 70, na kati ya hivyo 58 wagombea wake hawakuwa na mpinzani. Kiti kimoja tu kilichoponyoka, cha Mbulu, kilichukuliwa na mwanachama wa TANU aliyesimama peke yake dhidi ya chaguo la chama.

Kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya nchi, Bunge la uhuru liliingia bila mtu kuulizwa. Maneno "bila kupingwa" tunayajua vizuri. Mwaka 2020 tuliyasikia tena katika majimbo kadhaa, na baadhi yetu tulibishana usiku kucha kama hayo ni ushindi au ni kufungiwa mlango. Yana historia ndefu kuliko hasira zetu. Wale wanachama wapya wa 1955, wanawake kwa wanaume, walitembea hadi uhuru wakiwa wamepiga kura mara chache sana, wengine hawajapiga kabisa.

Halafu ukaja 1965. TANU ilikuwa sasa chama pekee kisheria Bara, na Nyerere na wenzake walijua kwamba chama kimoja bila ushindani kitaoza. Walibuni utaratibu ambao bado unanishangaza kwa werevu wake. Waliotaka ubunge walipigiwa kura kwanza na mkutano wa chama wa wilaya. Halmashauri Kuu ya Taifa ikaangalia matokeo na kuteua wawili kwa kila jimbo. Wawili hao walipewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba, kwa sababu wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Walizunguka pamoja, wakapanda jukwaa moja katika mikutano iliyoandaliwa na chama, wakazungumza Kiswahili tu. Kutaja kabila, dini au rangi ya mtu kulikatazwa. Kusema kwamba Mwalimu anakutaka wewe kulikatazwa pia. Karatasi ya Rais ilikuwa na ndiyo au hapana. Karatasi ya mbunge ilikuwa na jembe na nyumba.

Kama mhakiki naipenda sana karatasi hiyo. Waliochagua alama hizo walitaka vitu visivyo na upande, vitu ambavyo kila Mtanzania anavyo. Lakini kitu kisicho na upande hakipo. Jembe ni kazi, ni chakula, na pia ni adhabu kwa mtoto aliyefeli shule. Nyumba ni kupumzika, ni heshima, na pia ni kodi. Wagombea na wapambe wao walizifanyia alama hizi kazi ya ushairi: utaishi wapi bila nyumba, utakula nini bila jembe. Miaka miwili baadaye, Azimio la Arusha lilipowakataza viongozi kupangisha nyumba, Bibi Titi, ambaye alikuwa na nyumba za kupangisha mjini, aliacha nafasi yake katika uongozi wa chama. Mwandishi wa riwaya asingethubutu kupanga alama zilingane hivyo.

Matokeo yaliwashtua walioubuni mfumo wenyewe. Watu zaidi ya milioni 2 walipiga kura. Nyerere alipita kwa kishindo, lakini chini yake vichwa vikaanguka. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyejenga ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa, alishindwa. Mawaziri wadogo kadhaa walishindwa. Bibi Titi, waziri mdogo, mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, sauti iliyojulikana nchi nzima, alishindwa Rufiji.

Waliouchunguza uchaguzi ule, wakiongozwa na Lionel Cliffe wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, waliona kwamba watu hawakuwa wanaihukumu sera ya taifa. Waliuliza mambo ya karibu: huyu ni wa kwetu, tunamwona, anatusemea? Ukubwa wa jina la mtu huko mjini haukumsaidia sana, na pengine ulimdhuru.

Sasa tazama Rufiji. Wilaya ya mto, yenye delta ya mikoko upande wa bahari na bonde refu upande wa bara. Watu wa bondeni walilima kwa kufuata maji: mpunga wakati wa mvua, kisha mafuriko yakirudi nyuma wanapanda kilimo cha mlau kwenye tope lililobaki. Mafuriko yakiwa mazuri, unakula. Yakizidi, unapanda dungu na kusubiri. Masika ikishika, barabara ya kusini ilikatika, na daraja la kuvuka Rufiji lililobadilisha safari hiyo lilifunguliwa mwaka 2003, karibu miaka 40 baada ya kura tunayoizungumzia. Bunge lilikutana Karimjee, Dar es Salaam. Kwa Bibi Titi, mtoto wa mjini, Karimjee ilikuwa jirani. Jimbo ndilo lililokuwa mbali.

Bibi yangu mzaa mama, ambaye hakuwahi kukosa kupiga kura, alikuwa na kipimo kimoja cha wabunge: mbunge hapimwi kiangazi. Kiangazi kila mtu anafika. Namfikiria mwanamke mwenye kazi ya kuzunguka nchi nzima kujenga matawi ya Umoja wa Wanawake, mwenye ofisi serikalini, na jimbo ambalo kwa miezi kadhaa kwa mwaka halifikiki kwa gari. Angefika lini? Kila saa aliyoitumia Mwanza au Tanga akiwa kiongozi wa wanawake wa taifa ilikuwa saa ambayo haikutumika Utete. Sifa zile tunazomsifia ndizo zilizomweka mbali na waliotakiwa kumrudisha.

Najua jibu la haraka la wasomaji wengi, kwa sababu nami linanijia: aliangushwa kwa kuwa ni mwanamke. Sina shaka kwamba mwanamke jukwaani mwaka 1965 alisikilizwa kwa sikio jingine, na kwamba maneno ambayo yalikatazwa kwenye mkutano yalisemwa barazani baada ya mkutano. Lakini jibu hili likisimama peke yake linawafuta wanawake wa Rufiji waliopiga kura siku ile. Linawafanya wawe hawapo, au wawe wamebebwa na waume zao. Na huo ni usomaji uleule ambao Geiger alitumia kitabu kizima kuupinga. Tukikubali kwamba wanawake wa Dar es Salaam mwaka 1955 walijua walichokuwa wanafanya walipochukua kadi, kwa adabu hiyohiyo inatupasa tukubali kwamba wanawake wa bonde la Rufiji mwaka 1965 walijua walichokuwa wanafanya walipoweka alama. Miaka kumi alikuwa amewaambia wanawake kwamba wana sauti. Wengine waliitumia kumpinga.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wasifu wa nukta. Wao wanaona kushindwa kwa 1965 kama mwanzo wa anguko, ngazi ya kwanza ya kushuka kuelekea gerezani. Simulizi inapendeza kwa sababu inateremka bila kusimama. Lakini uchaguzi na kesi ya uhaini si vitu vya aina moja. Kwenye uchaguzi alihukumiwa na waliokuwa na haki ya kumhukumu, kwa utaratibu aliousaidia kuuleta. Ukivichanganya viwili hivyo, kura ya mkulima inaonekana kama njama, na hati ya mashtaka inaonekana kama maoni ya wananchi.

Nina shaka moja na mfumo wenyewe, na nadhani wanaoupenda wanaipita upesi. Jembe na nyumba wote walikuwa TANU. Mpiga kura aliyechoshwa na bei ya mazao au na ahadi za uhuru hakuwa na mahali pa kuandika hivyo. Serikali haikuwa kwenye karatasi. Watu wake ndio waliokuwa kwenye karatasi. Kwa hiyo hasira ya sera ililazimika kuvaa sura ya mtu. Kila waziri mdogo aliyeanguka mwaka ule alibeba mzigo wake na mzigo wa baraza zima. Je, Rufiji walimkataa Titi, au waliikataa serikali kwa kutumia kitu pekee walichopewa mkononi? Karatasi haikuwa na nafasi ya kutenganisha, na kwa kiongozi aliyeko juu hilo lilikuwa jambo la manufaa sana.

Kisha kuna yaliyofuata mara baada ya kuhesabu kura. Katiba ilimpa Rais nafasi za kuteua wabunge. Bomani alirudishwa Bungeni kwa uteuzi na akaendelea kuwa waziri. Wapiga kura wake walikuwa wamesema hapana, na hapana yao ikazungukwa kwa mlango wa nyuma, kwa sababu alihesabiwa kuwa mtaalamu asiyeweza kupotezwa. Bibi Titi alibaki na Umoja wa Wanawake. Mtu mwenye ujuzi wa fedha alionekana wa lazima. Mtu mwenye ujuzi wa kuwafanya watu elfu tano waamini kitu ndani ya miezi michache alionekana kuwa ameshamaliza kazi yake. Katika habari nzima ya 1965, hapa ndipo ninapoona dharau, na haikutoka Rufiji.

Yaliyobaki ni maarufu na nitayasema kwa kifupi. Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na Michael Kamaliza, aliyewahi kuwa Waziri wa Kazi, na maofisa wa jeshi. Oscar Kambona, aliyetajwa kuwa kinara, alikuwa London. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha, mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais. Akakaa kimya miaka mingi. Alifariki Johannesburg Novemba 2000. Leo barabara inayopita Mnazi Mmoja ina jina lake, na makondakta hulitamka mara mia kwa siku bila kumfikiria, jambo ambalo kwa mwanasiasa si baya.

Na Rufiji? Mwaka 1968 mafuriko makubwa yalipiga bonde, na mwaka uliofuata serikali ikawahamisha watu kutoka mabondeni hadi vijiji vya juu, katika Operesheni Rufiji. Walipelekwa mbali na ardhi ya mlau, mahali pakavu ambapo serikali iliweza kuwafikia. Lilikuwa moja ya majaribio ya mwanzo ya kile ambacho baadaye kilifanyika nchi nzima. Ni mwaka uleule wa kukamatwa kwa Bibi Titi. Wasifu wake hautaji operesheni hiyo, na sioni ajabu, maana wakati huo hakuwa mbunge wao. Lakini ningependa kusoma kitabu kinachoviweka viwili hivyo ukurasa mmoja: wilaya inahamishwa kutoka kwenye maji yake, na mbunge wake wa zamani yuko mahabusu.

Mwenzake Bungeni, Sophia Mustafa, aliandika kitabu chake mwenyewe mwaka 1961 kuhusu siasa za wakati ule na jinsi alivyogombea. Bibi Titi hakuandika. Alisema, na tumebaki na aliyosema kwa wengine. Ila kuna mahali alisema rasmi, kwa Kiswahili, mbele ya waandishi waliolipwa kumwandika, nako ni Bungeni. Kumbukumbu za mijadala ya miaka ile zipo kwenye majuzuu. Atakayeandika wasifu unaofuata angeanzia hapo, asome alichowaombea watu wa Rufiji na ambacho hakuwaombea, kisha ateremke nacho hadi Utete, Septemba 1965, kwenye mkutano wa chama: benchi moja, wagombea wawili wamekaa bega kwa bega, mmoja jembe, mmoja nyumba, na mbele yao, wamekaa chini, watu waliokuja kusikiliza.